Koti la Askari wa Kumi na Mbili

Tangu Novemba hadi Februari Sidi hakulala usingizi wa mtu mzima. Si kwamba aliugua, wala kitanda chake hakikuwa na kunguni kuliko vitanda vingine vya Kisauni. Aliukataa usingizi kwa makusudi. Ukimjia, alijifinya paja, akajimwagia maji usoni, akaondoka kitandani akakaa kigodani, na pale kigodani akasinzia kidogo kidogo kama kuku, asije akazama akaota. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, mwenye shingo iliyozoea mitungi, na kufikia mwezi huo wa pili wa mwaka wa arobaini na tano alikuwa amechoka mpaka kuchoka kwenyewe kulikuwa kumemchosha.

Aliyemtia katika balaa hiyo ni shemeji yake, Thoya, mdogo wa marehemu mumewe. Thoya alikuwa mgema wa tembo upande wa kuelekea Bamburi, mtu mpole asiye na ugomvi na yeyote. Asubuhi moja ya Novemba alikuja na kibuyu kitupu begani, akakaa kizingitini, akakataa uji, na hapo Sidi akajua kuna jambo.

"Shemeji," Thoya akasema, "nimemuota Baya."

Sidi alikuwa akimenya muhogo. Hakuacha kumenya. "Umemuota vipi?"

"Alisimama mlangoni kwangu, akakataa kuingia. Akaniambia, baba, naona baridi. Mara tatu alisema hivyo. Kisha nikaamka."

Kwa Wagiriama neno hilo halihitaji mfasiri. Mtu aliye hai akiona baridi hutafuta blanketi, au hukaa karibu na moto. Anayekuja usingizini kwa ndugu zake akasimama mlangoni akilalamika baridi ni mfu asiyetulia. Anataka achongewe koma, yule mtu wa mti mwenye kichwa cha mviringo na kiwiliwili bapa, asimikwe uani, afungwe vitambaa shingoni na kiunoni, amwagiwe tembo, naye apate kwake. Mramba, mumewe Sidi, alikuwa na koma yake nyuma ya nyumba ya Thoya, na Sidi mwenyewe ndiye aliyezichana zile nguo za kumfunga.

"Baya yuko Bama, vitani," Sidi akasema. "Hakuna karatasi iliyokuja kusema kafa."

"Karatasi zapotea."

"Ndoto nazo zapotea njia. Ulikuwa umekunywa."

"Nilikuwa nimekunywa," Thoya akakiri bila kuona haya, "lakini tembo siku zote nanywa, na Baya sikupata kumuota. Sikiza, shemeji. Mimi siwezi kuchimba shimo kwa mtoto ambaye mamake anasema yu hai. Sitachimba mpaka useme wewe. Lakini kwangu alipita tu. Wewe ndiwe uliyemzaa, na kwako atakuja. Akija akakwambia hivyo hivyo, hutaweza kusema kwamba nilikunywa."

Akaondoka na kibuyu chake. Alidhani amesema neno la upole, na pengine ndivyo. Lakini tangu siku ile Sidi alijua mambo yote yamebaki mikononi mwake: akimuota mwanawe anaona baridi, basi Baya kafa, asipomuota, yu hai. Na asiyelala haoti. Sidi alikuwa amebatizwa, na Jumapili alikaa safu ya tatu kanisani, ambako waliambiwa kwamba koma ni mti tu na ndoto ni tumbo lililoshiba vibaya. Aliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote, kisha akarudi nyumbani kujifinya paja.

Baya alikuwa mwanawe wa pekee. Alijiandikisha Keya, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, mwaka wa arobaini na mbili, akiwa na ndevu tatu kidevuni, akapelekwa Siloni na baadaye Bama. Barua yake ya mwisho, aliyoandikiwa na mwenzake mwenye mwandiko wa kujivuna, ilifika Aprili ya mwaka uliopita. Ilisema hajambo, chakula kizuri, mvua nyingi sana. Basi. Kila mwezi mpya ulipoandama Sidi alivuka daraja la Nyali kwenda kisiwani, akasimama mbele ya karani wa ofisi ya jeshi, na karani akateremsha kidole katika orodha ya waliokufa. "Hayumo, mama." Neno hilo moja ndilo lililomlisha mwezi mzima, na kurudi kwake alikuwa akilirudia kimoyomoyo, hayumo, hayumo, mpaka ng'ambo.

Kazi alikuwa nayo, tena ya kukaa kitako, ambayo kwa mtu asiyetaka kulala ni mateso. Bibi Harland, Mzungu mmoja mrefu aliyekaa karibu na kanisa, aliwakusanya wanawake wanane katika banda la nyuma ya nyumba yake wamfumie nguo za wanasesere. Siku ya sikukuu ya kanisa wanasesere hao wangeuzwa, na mapato yakawafae askari waliojeruhiwa. Kila mwanamke alipewa kitanda chake cha kufumia. Wala usifikirie kile kitanda cha mfumi kinachojaza chumba. Hivi vilikuwa vijitanda vya kushika mkononi: mbao nne nyembamba zilizoungwa mraba, upana wa kiganja, zimepigwa misumari midogo kuzunguka ukingo wote kama meno ya samaki. Unautandika uzi kutoka msumari huu mpaka ule ng'ambo, huo ndio mtande. Halafu unachukua sindano ndefu ya bati, unapitisha mshindio juu ya uzi mmoja, chini ya mmoja, juu, chini, mpaka mraba ujae. Ukiung'oa kwenye misumari una kipande cha nguo kisichoenea hata uso wa mtoto mchanga. Vipande viwili na kamba, gauni. Vipande vinne, koti.

Uzi wenyewe ulikuwa sufu iliyofumuliwa kutoka kwenye sweta kuukuu za askari. Zililetwa ndani ya gunia, zina matobo viwikoni, na kazi ya kwanza ya wanawake ilikuwa kuzifumua, kuzifua na kuzikunja madonge. Hata baada ya kufuliwa mara mbili, joto la adhuhuri lilipopanda chini ya bati la paa, sufu ilitoa harufu ya wanaume waliotembea sana. Wengine waliziba pua. Sidi hakuziba. Alikuwa akiinusa kwa siri, akijiambia kwamba Baya naye angekuwa na harufu kama ile, na kwamba aliyevaa sweta haoni baridi.

Aliyekaa ubavuni pake ni Mwanatabu, mwanamke wa Kimvita aliyeolewa Kisauni na mwalimu wa chuo cha Kurani, Maalim Stambuli. Mwanatabu alikuwa na mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Mumewe alimruhusu kazi ile kwa sharti moja: afume nguo, lakini asichore macho ya mwanasesere wala mdomo, maana kumpa sura kitu kisicho na roho haifai. Mwanatabu alilishika sharti hilo kwa namna yake. Kila mwanasesere aliyemvisha alimlaza kifudifudi, akamvisha akimtazama kisogo.

"Miye namvika nguo tu," alikuwa akisema. "Uso wake autakao na auangalie mwenyewe."

Mpaka Krismasi wanasesere walikuwa wa kike, wa matambara, wamejazwa pamba, na Sidi aliwafumia magauni bila shida. Juu, chini, juu, chini. Kazi ilimlevya, shingo ikawa inaanguka, naye akawa anajichoma kidole kwa ncha ya sindano ili azinduke. Vidole vyake vya kushoto vilikuwa na vitobo kama vya mtu aliyeshika nungu. Mwanatabu aliviona.

"Mama Baya, weye huna mwenzio wa kukusaidia? Mato yako mekundu kama ya mla pilipili. Kalale kwako yeo, mimi nitakumalizia."

"Nikilala sitaamka," Sidi akasema, akacheka kidogo ili lionekane kuwa mzaha. Hakumwambia zaidi. Mambo ya koma hayazungumzwi na mke wa mwalimu wa chuoni, na kwa kweli hakutaka kuyasikia yakitoka kinywani mwake mwenyewe.

Februari pamba ilikosekana. Jumatatu moja Bibi Harland aliingia na kapu, uso umemchangamka, akalimwaga mezani. Ilikuwa miti. Seremala alikuwa amemchongea wanasesere wa mti, kila mmoja urefu wa shubiri: kichwa cha mviringo, shingo, mabega, kiwiliwili bapa, na badala ya miguu amechongwa ncha kama kigingi, kwa sababu siku ya sikukuu wangesimikwa katika sanduku la mchanga, wamejipanga kama gwaride.

"Sasa sisi tafanya askari!" akasema Bibi Harland kwa Kiswahili chake. "Kila mama kumi na mbili. Koti ya kaki. Ijumaa kwisha, ndiyo?"

Wanawake wakaitika ndiyo. Sidi hakuwa akisikiliza. Alikuwa akitazama watu wa mti wenye vichwa vya mviringo na ncha za kuchomekwa ardhini, wamelala uchi mezani wakingoja kuvishwa. Palikuwa na wanawake wengine wawili wa bara mle bandani, wazaliwa wa misheni, hawakuona kitu. Yeye aliona. Aliziona koma.

Angemwambia nini Mzungu? Kwamba mwanawe askari yuko mbali, na yeye mamake asimvishe nguo askari wa mti kwa mkono wake, maana akimvisha amekwisha kubali? Bibi Harland angemtazama kwa huruma, angemwita mchungaji, mchungaji angeuliza kwani yeye ni Mkristo wa namna gani. Na kazi ile aliihitaji, si kwa malipo tu. Mikono ikikaa bure, usingizi hupata mlango. Basi akatafuta hila. Wa kwanza alipomshika akajisemea moyoni: huyu ni Mzungu. Akamfumia koti akamvisha, na hakikutokea kitu. Wa pili akawa Mganda. Wa tatu Mhindi wa Panjabi. Wa nne mtoto wa mtu asiyemjua, wa huko Nyasa. Kila mmoja alimpa kwao, mbali na Kisauni, na kwa hila hiyo akafika Alhamisi jioni ana kumi na mmoja waliovaa, nao wamelala mbele yake vifungo vimenyooka.

Wa kumi na mbili alikuwa chini ya kapu, na tangu Jumatatu alijua yupo pale. Tindo ilimponyoka seremala, ikambandua kibanzi juu ya jicho la kushoto. Mti wowote hubanduka kibanzi, jamani. Lakini Baya, alipokuwa wa miaka sita, alianguka kisimani akapasuka juu ya jicho la kushoto, na kovu lake lilikuwa pale pale, limelala vile vile. Huyu hakukubali kuwa Mganda. Sidi alijaribu mara mbili kumpa kwao, akashindwa, akamrudisha chini ya kapu akamfunika kwa sufu. Halafu akaifunua ile sufu, asije akawa amemfunika nguo.

Ijumaa adhuhuri Bibi Harland alikwenda kula. Wanawake wengine walitoka nje kutafuta upepo. Mwanatabu alibaki, maana alikuwa amekwisha maliza kazi yake na anangoja aonyeshe. Sidi alibaki, na kitanda kimetandikwa mtande wa kaki, sindano mkononi, askari mmoja uchi ndani ya kapu. Hewa ilisimama. Bati lilialika kwa joto. Juu, chini, juu. Alipofika safu ya tano alijichoma kidole, na hakusikia kitu. Akajichoma tena. Mara hii hata sindano hakuiona.

Alipofumbua macho jua lilikuwa limehama kutoka mlangoni mpaka kwenye mguu wa meza. Shavu lake lilikuwa juu ya mbao, limelowa, na kifuani alihisi wepesi ambao hakuwa ameuhisi tangu Novemba. Alikuwa amelala! Aliruka akakaa wima, akaanza kujipekua ndani ya kichwa kama mtu aliyeibiwa anavyojipapasa mifuko. Ameota nini? Akatafuta. Hapakuwa na mlango, hapakuwa na mtu amesimama. Hakukumbuka chochote. Giza tu, giza zuri la usingizi, na nusura acheke kwa furaha. Kumbe aliweza kulala asiote. Miezi mitatu yote amejitesa bure! Alitamani kumkimbilia Thoya saa ile ile akamwambie.

Halafu akamwona Mwanatabu. Mwanatabu alikuwa ameinama, ana uzi mdomoni, na mbele yake amemlaza askari kifudifudi. Alikuwa anamfunga kifungo cha mwisho cha koti la kaki.

"Huyo ni wa nani?" Sidi akauliza.

"Wako, bibi wee. Wa kumi na mbili. Kipande ulichoanza nimekimaliza, na vingine nimefuma kwa kitanda changu. Umelala saa nzima na nusu, na Mzungu akija akuone huna kazi ni aibu yetu sote."

"Nani kakwambia umvike?"

Mwanatabu akainua uso, akautoa uzi mdomoni. Alishangaa. "Si weye uliyenituma?"

"Mimi nimekutuma lini?"

"Sasa hivi, weye na usingizi wako. Nilidhani umezinduka. Ulinyanyua kichwa kidogo ukasema, Mwanatabu, hebu mvike huyo mtoto, yuko pale mlangoni, aona baridi." Akacheka. "Wallahi nimecheka peke yangu. Na joto hili! Nikatazama mlangoni, hapana mtu. Nikasema labda ni huyu kapuni. Basi nimemvika."

Sidi aligeuka. Alitazama mlangoni. Uani palikuwa na kuku wawili na ndoo, na jua jeupe juu ya changarawe. Akatazama kwa muda mrefu, na Mwanatabu akaacha kucheka.

"Mama Baya? Nimekosa?"

"Hukukosa."

"Waniogofya. Nini?"

"Nipe," Sidi akasema, akanyoosha mkono.

Alimgeuza yule askari chali, akampapasa lile kovu kwa kidole kilichojaa vitobo. Koti lilikuwa limeshonwa kwa haraka. Mkono mmoja ulipita mwingine kwa nusu kidole, na ukosi ulikaa upande. Mwanatabu alifanya wema, wala hakujua amegusa nini. Kumkasirikia asingeweza. Alikuwa ametumwa, na aliyemtuma ni Sidi mwenyewe, kwa kinywa ambacho kwa miezi mitatu kilimkatalia Thoya. Alilia basi, wazi, bila kujifunika uso, machozi yakidondoka juu ya sufu ya kaki. Mwanatabu aliondoka kwake akaja akamkumbatia mabega, akimwambia subiri, mwenzangu, subiri, pasipo kujua avumilie nini.

Kisha Sidi alimvua askari lile koti. Akalifumua mkono mmoja, akaupima na mwenzake, akaushona upya kwa mishono midogo midogo isiyoonekana, akaulaza ukosi sawa. Hakuwa amewahi kushona nguo ya mwanasesere kwa makini namna ile. Alipomaliza Bibi Harland alikuwa amerudi, anapita akihesabu.

"Hii moja hapana nguo, Sidi?"

"Nguo yake ninayo, bibi. Nakuomba hii nguo. Mti huu nakurudishia, na koti jingine nitalifuma Jumatatu, lakini hili nipe niende nalo."

Bibi Harland alitazama uso wake uliovimba, na kile kikoti kilichoingia chote ndani ya ngumi. Hakuwa mtu mbaya. "Wewe na mtoto nyumbani?"

"Ninaye mmoja," Sidi akasema.

"Basi chukua. Mpe yeye cheza."

Hakupitia nyumbani. Alishika njia ya kwenda kwa Thoya, katikati ya minazi, jua la alasiri likimpiga kisogoni, na miguu yake ikitembea yenyewe. Thoya alikuwa juu ya mnazi, anakata ncha ya panda, lile kole linalotoa tembo. Alimwona anakuja, akamwona amesimama pale chini bila kuita, akateremka polepole ngazi kwa ngazi. Hakumsalimu. Alifuta kisu chake kwenye shuka akangoja.

"Tafuta mti, shemeji," Sidi akasema.

Thoya akainamisha kichwa. Hakuuliza Baya amekuja lini, wala amesema nini, na kwa hilo Sidi alimshukuru. Thoya akasema kwa sauti ya chini, "Mti nautafuta kesho. Nguo ndiyo taabu. Siku hizi hata kwa Mhindi kaniki ni ya kuandikiwa cheti."

"Nguo ninayo."

Alifumbua ngumi akamwonyesha. Thoya alikitazama kile kikoti, vifungo vyake vinne, ukosi wake, mikono yake miwili iliyolingana. Alitaka kukigusa, akaona mikono yake ina tembo, akairudisha nyuma.

Sidi akaomba mkeka. Mkewe Thoya akamtandikia barazani, akawafukuza kuku, akamwuliza kama atakula kwanza. Hakutaka kula. Alijilaza ubavu, uso ameuelekeza mlangoni, lile koti amelishika kifuani kwa mikono yote miwili. Jua lilikuwa bado kali na watoto wa jirani walikuwa wanapiga kelele. Hakujifinya. Alilala upesi, kwa sababu sasa alikuwa na cha kumpa.